Kucha za Bubu

"Usimbane kifua," Yotamu alisema kwenye simu. "Akibanwa kifua hapumui. Atakufia mkononi na wala hutajua kafa saa ngapi."

Severina alilegeza taulo haraka. Kasuku akajitutumua, mguu mmoja ukachomoka, kucha zikamparura kiganja. Hakuyasikia hata maumivu kwa hofu aliyokuwa nayo. Alikuwa amekaa uani kwenye jua la saa kumi ili aone vizuri, ndege mapajani, mkasi wa kucha mkononi, simu na kisosi cha unga wa ngano juu ya stuli ya mbao pembeni yake.

Kazi hii ilikuwa ya Yotamu, mumewe, aliyefundishwa na bwana mifugo. Lakini lori lilikuwa limemharibikia Iringa wiki ya pili sasa, na kucha hazingoji spea. Jana jioni zilinasa kwenye fulana ya mzee zikamchana bega. Mzee ana sukari, na kidonda kwa mtu wa sukari si kitu cha kuchezea. Mzee akampigia Yotamu, naye akaamua kwa simu kwamba kesho yake zikatwe, na mkataji awe Severina.

Mzee ndiye Tusajigwe, baba mkwe wake, mwenye nyumba hii ya mtaa wa Soweto na mwenye ndege. Kasuku alikuwa wa marehemu mkewe. Tangu mama yule azikwe, ndege hakutamka tena neno, majirani wakamwita Bubu. Mzee alizidi kumpenda, wakawa wananyamaza pamoja.

"Na akinifia?" Severina aliuliza.

"Hafi. Shika mguu."

Kusema ni rahisi. Severina ni Mhehe wa Mlandege, Iringa, na kwao baba mkwe hupigiwa goti akasalimiwa. Huku kwa Wanyakyusa alikoolewa, mke wa mtoto haonani na baba mkwe, basi. Ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba jicho, na Severina alikuwa amelifumba miaka miwili. Hata siku ya harusi alijifunika khanga. Chakula cha mzee alikipitisha kwa mkono nyuma ya pazia la chumba, penye tundu la Bubu, akakiweka kwenye meza ndogo bila kuchungulia. Hata Bubu leo alimtoa tunduni kwa kupapasa, uso ameugeuza. Sahani ikigonga meza, mzee hukohoa mara mbili, halafu hushukuru kwa Kinyakyusa chake na heshima yake, kana kwamba nje wamesimama watu kumi: "Ndaga fijo. Wekeni hapo."

Alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi hicho na shukrani hiyo, na kwa hayo mawili tu alikuwa amempenda. Sasa akimuulia ndege wake, atamwombaje msamaha mtu ambaye haruhusiwi hata kumtazama?

"Baba anaendeleaje leo?" Yotamu aliuliza. "Simu yake inaita tu, hapokei."

"Chakula hali vizuri. Mchana nimepeleka ugali, mkono ukagusa kikombe cha asubuhi, uji umejaa vilevile. Mimi naona amenuna. Anataka hizi kucha zimalizwe."

"Kakwambia hivyo?"

"Hapana. Ameshukuru tu kama siku zote. Asubuhi, na mchana tena."

"Basi hajanuna. Baba akinuna hashukuru mtu. Haya, kata."

Kucha za Bubu zilikuwa nyeusi, mshipa wa damu ndani yake hauonekani. Yotamu alimwelekeza akate ncha tu, kidogo kidogo, kama anayetia chumvi kwenye mboga ya wageni. Ukucha wa kwanza ukaanguka, wa pili, wa tatu. Mguu wa kwanza ukaisha salama. Chini ya taulo moyo wa ndege ulikimbia, na wa Severina ulikuwa unaufukuzia.

Kwenye ukucha wa saba Bubu alishtuka. Mkasi ukazama.

"Yotamu, damu."

"Chovya kidole chake kwenye unga. Bonyeza. Usikiachie."

Severina akachukua kisosi, akachovya, akabonyeza. Unga ukalowa, akaongeza mwingine, nao ukalowa. Ndege mdogo namna ile, damu yake ingekuwa vijiko vingapi? Midomo yake ilianza Salamu Maria, ikasahau katikati, ikaanza upya. Bubu alikuwa ametulia kabisa. Kichwa kimelala, macho yamefumbwa. Severina alijiona akisimama mbele ya lile pazia, bila mdomo wa kusemea.

"Nisamehe, baba," alinong'ona. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili kumsemesha, na mwenyewe hakuwepo kusikia.

Alihesabu hadi mia. Alipoinua kidole, unga ulikuwa umeshika. Damu imekata. Na chini ya taulo kifua kidogo kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Yuko hai," alisema, na machozi yakamtoka. Kisosi akakirudisha kwenye stuli, kikagonga mbao.

Kikohozi kikasikika, mara mbili.

"Ndaga fijo. Wekeni hapo."

Kule Iringa Yotamu akaangua kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Si huyo baba! Kumbe yuko hapo karibu. Mpitishie simu pazia, nimsalimie."

Severina alikuwa anatazama ng'ambo ya ua, kwenye dirisha la chumba cha mzee, ambalo halijafunguliwa tangu jana. Sauti ilikuwa imetoka mapajani mwake.