Ndoo ya Ng'washi

Fimbo ya tatu ilivunjikia mgongoni mwa Ng'washi. Machibya akaitupa, akaokota mpini wa jembe.

"Sema! Umewapa nini vifaranga wangu?"

Kikongwe alikuwa kifudifudi mlangoni mwa banda, kilemba kimemvuka, damu inamtoka puani. Pembeni ndoo yake imepinduka na uchafu wote uko chini: kinyesi kibichi cha kuku wa kienyeji, kimekorogwa na maji mpaka kikawa uji. Alikamatwa alfajiri hiyo anaumimina kwenye vyombo vya maji vya vifaranga. Jamani, mtu atake ushahidi gani tena?

Wiki nzima kuku wa Machibya walikuwa wanakufa. Aliwaleta mia sita, wa kisasa, waliototolewa na mashine, akawagawa bandani, nusu chumba cha mkono wa kulia, nusu cha mkono wa kushoto. Wa kulia wakaanza kuharisha, mabawa yakalegea, na kila asubuhi alikuwa anazoa mizoga kwa koleo. Dawa hakuacha. Antibayotiki asubuhi, antibayotiki jioni, vyumba vyote viwili, na mlangoni beseni la dawa ya kukanyagia. Mtaa mzima wa Nyakato ulijua kwamba kuingia banda la Machibya ni kazi kuliko kuingia chumba cha upasuaji. Kumbe mbaya wake anapita kwenye wavu uliochanika nyuma ya chumba cha kushoto!

"Amemaliza kulia, sasa amehamia kushoto!" alipiga kelele Ngosha, bodaboda wa pale kona.

"Na sababu anayo," Machibya aliwaambia majirani huku anatweta. "Mwezi jana nilimnyonga jogoo wake na mitetea sita, wanazurura mpaka kwangu. Nikamwachia mitetea watatu. Nikamwambia, bibi, kuku hawa si kama wako, uchafu wa kuku wako ukiingia humu wanakwisha wote. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu!"

Mpini ukashuka tena. Bega la kikongwe likalia kama ukuni mkavu.

"Mchawi!" mtu akasema nyuma, na neno hilo likishasemwa huku kwetu halirudi mikono mitupu. Tairi likaletwa likibingirika. Ngosha akachomoa mpira wa tangi la pikipiki yake, akakinga petroli kwenye chupa ya maji.

Ng'washi akainua kichwa. "Wa kushoto," aliuliza kwa taabu, "wamekufa wangapi?"

"Mnamsikia? Anahesabu!" Machibya akampiga teke la mdomo, jino likaruka.

Tairi lilikuwa limeshafika shingoni Getruda alipoingia. Alikuwa afisa mifugo, Machibya mwenyewe alimpigia simu jana yake aje kuangalia ugonjwa. Mwembamba yule mama, lakini aliwapangua wanaume kwa viwiko, akalivua lile tairi na kulitupa, akasimama juu ya kikongwe, mguu huku na mguu huku.

"Mwenye kiberiti aanze na mimi."

Hakuna aliyeanza. Getruda akaagiza aletewe mzoga kutoka chumba cha kulia, akaupasua palepale juu ya mfuko wa pumba. Utumbo ulikuwa mwembamba, umejaa povu la damu.

"Wameanza kufa lini?"

"Leo siku ya nane."

"Bibi, wewe umeanza lini kuwapa hicho kitu?"

Ng'washi akanyoosha vidole vinne.

"Na wa kushoto, Machibya, umezoa wangapi?"

"Hata mmoja," alisema. "Zamu yao bado."

"Zamu gani wewe! Kifaranga wa mashine hajamwona mama. Anayelelewa na mama anadonoa kinyesi chake, na humo ndimo anapopata bakteria wema wa kukaa tumboni na kuzuia ugonjwa. Wa kwako walikuja matumbo matupu, na hao bakteria wachache waliowaokota umewaua kwa antibayotiki yako. Kinyesi cha kuku mgonjwa kingewamaliza, sikatai. Lakini kuku wa bibi huyu ni wazima, na kinyesi chao kimewarudishia wa kushoto bakteria hao kila alfajiri. Hawa mia tatu wa kushoto wako hai kwa sababu yake, na wewe umemvunja bega."

Watu waliangalia chini. Ngosha akaficha chupa mgongoni, mjinga yule, kana kwamba petroli hainuki.

Machibya akapiga magoti kwenye uleule uchafu. "Nisamehe, mayu," alilia. "Nisamehe mama yangu." Alivua shati akamfunga nalo bega, kisha akakimbilia barabarani kutafuta bajaji ya kumpeleka hospitali.

"Ona roho ya mtu," jirani mmoja alisema, anajifuta machozi kwa kanga. "Unanyongewa kuku wako, halafu unakuja kuwaponya wa aliyekunyongea!"

Getruda akachutama, akamfuta damu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Dawa hii nani alikufundisha? Sisi wengine tumeisomea miaka."

Ng'washi akatazama huku na huku. Alipoona Machibya yuko mbali, akamvuta Getruda kwa mkono mzima mpaka sikio likafika mdomoni.

"Siku nne nimewanywesha," alinong'ona. "Siku nne, na wanazidi kunenepa tu. Wewe umesoma, mjukuu wangu. Hebu niambie: hawa kuku wanauawa na nini?"