Tairi Zenye Sauti

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe jikoni, haraka haraka. Nje bado kulikuwa giza. Mama Nekoye alifungua macho, akajua Simeon ameamka, na pengine hakulala kabisa.

Hakuna aliyelala vizuri saa hizo katika nyumba ile tangu mwanawe Wabuge azikwe. Ikifika saa ambayo Wabuge alikuwa akibeba mtungi wa maziwa kwenda Cheptiret, Mama Nekoye husikia viatu vyake vya mpira vikivuka ua. Akitoka na tochi, anamkuta mbwa tu, naye amesimama akitazama geti.

Jikoni alimpata Simeon; kochi la sebuleni, ambalo hulilalia akija kila Ijumaa, alikuwa ameshalipanga, blanketi limekunjwa vizuri. Kitanda cha Wabuge kilikuwa kimetandikwa, lakini kijana huyu hakuwahi kukilalia, hata usiku ule mvua ilipovuja juu ya kochi.

"Chai yako hii, Mama. Sukari kidogo, vile unapenda."

Alishukuru, akaipokea kwa mikono miwili. Siku hizi ni Simeon peke yake anayekumbuka mambo ya sukari yake.

"Ni leo unabadilisha tairi?"

"Ni leo. Zimeisha kabisa. Nataka kuweka kama zile zilizokuja na gari. Ni nyepesi, hazili mafuta, na gari likienda na umeme huwezi kusikia kitu. Wateja wa teksi wanapenda hiyo. Juzi mmoja alilala kutoka Turbo mpaka mjini, nikamwamsha kama mtoto."

"Mimi sizitaki hizo za kimya," alisema Mama Nekoye. "Weka zile zinazosikika."

"Mama, hizo zina meno makubwa, zinapiga kelele. Hili ni gari la umeme na petroli. Watu watanicheka."

"Wacha wacheke. Twende pale kona, tujaribu hizi za zamani kwanza."

Kikombe cha Simeon kilisimama kabla ya kufika mdomoni.

"Pale kona sitaki."

"Najua. Vaa koti."

Walipokuwa wakitoka, jirani yao Mabonga alikuwa akikamua ng'ombe kando ya ua. Aliinua kichwa.

"Kumbe huyu bado analala kwako! Mama Nekoye, mimi ningemfungulia mbwa."

"Mbwa anamjua," alijibu Mama Nekoye. "Anayebwekewa ni wewe."

Walifika kwenye kona kumeshapambazuka. Alishuka, akasimama ukingoni mwa lami, pale Wabuge alipoangukia na mtungi wake, akaupa mgongo upande waliotokea.

"Rudi mpaka kwa ile mikaratusi, halafu unipitie. Polepole tu."

"Mama, tafadhali. Uniambie kitu kingine chochote, nitafanya."

Hakugeuka. Alisubiri mpaka akasikia Simeon akifunga mlango wa gari. Kisha akasikiliza. Jogoo aliwika kwa Mabonga. Ng'ombe akalia mbali. Alisikia pumzi yake mwenyewe, na baada ya hapo hakusikia kitu. Ghafla upepo baridi ukagusa sketi yake, na taa nyekundu za breki zilikuwa tayari mbele yake.

Simeon alisimamisha gari hatua chache mbele, akalaza paji la uso juu ya usukani, akalia. Mama Nekoye aliingia, akamsugua mgongo mpaka akamaliza. Hakumharakisha.

"Sikusikia," alimwambia. "Na mimi nilikuwa nangoja."

Mjini Eldoret maduka yalipofunguliwa, muuza tairi mmoja, Wahome, aliwalazia tairi mbili chini, ubavu kwa ubavu.

"Hii ni aina ile ile ya kiwandani," alisema. "Laini, kimya, mafuta yanakaa. Hii nyingine inashika matope vizuri, sikatai, lakini inanguruma mpaka utazima redio. Na mafuta itakunywa."

"Basi ni hiyo inayonguruma," alisema Mama Nekoye.

"Ai, Mama! Mbona uharibu gari zuri hivi?"

"Huku kwetu watu wakienda na maziwa alfajiri hawageuki kutazama nyuma. Mzigo hauwaruhusu. Wanatembea kwa masikio. Wakisikia gari, wanaingia kwenye nyasi."

Wahome alicheka. "Basi wajifunze kugeuka!"

"Utawafunza wewe?"

Wahome akamgeukia Simeon. "Mama yako ana maneno, boss. Sasa ni wewe useme, gari ni lako."

Simeon alichuchumaa. Alipapasa ile tairi laini, akaiacha. Akaweka kiganja juu ya ile yenye meno.

"Weka hizi," alisema. "Zote nne."

Walirudi jua likiwa limeinama. Mama Nekoye aliomba ashushwe pale pale kona, na safari hii Simeon hakubishana. Alirudisha gari mpaka kwenye mikaratusi. Mama Nekoye akasimama mahali pale pale, mgongo kwa mikaratusi, kikapu miguuni.

Mngurumo ulianza mbali sana, kama mahindi yanayomwagwa juu ya mabati. Ukakua. Alipata wakati wa kuokota kikapu, kuingia kwenye nyasi, hata kunyoosha kitambaa chake kichwani. Bado gari lilikuwa halijafika.

Simeon alisimama kando yake, akashusha kioo. Mashavu yake yalikuwa yamelowa. Mama Nekoye aliingiza mkono dirishani, akampangusa uso kwa ncha ya leso.

"Ungekuwa na hizi asubuhi ile," alimwambia, "Wabuge wangu angekusikia."

Simeon akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Ijumaa uje tena, kijana wangu. Na umlete mama yako, nimwone."