Matundu ya Msumari

Matanga yalipoanuliwa, wana wawili wa marehemu waliketi mkekani kugawana nguo za baba yao. Shekuwe, mkubwa, alikuwa ametoka hospitali asubuhi hiyo. Daktari alimwambia kwamba kasoro ya vinasaba iliyoifanya saratani ya tezi dume immalize baba yake upesi, naye ameirithi, na kwamba ndugu yake apimwe bila kukawia.

Mbaruku, mdogo wake, aliuchukua mkanda wa baba, akasimama akajifunga. Ulimkaa sawasawa. Nyuma ya matundu ya kiwandani kulikuwa na mengine yaliyopindapinda.

"Hayo nilitoboa mimi kwa msumari," mama yao alisema. "Kila suruali ilipomvuka. Hilo la mwisho hakuwahi kulifikia. Mpelekee fundi viatu ayazibe."

"Yaache tu, mama," Mbaruku alicheka. "Mimi nanenepa, sikondi."

Shekuwe alinyanyuka, akaufungua mkanda kiunoni mwa mdogo wake.

"Kumbe unaupenda, kaka?"

"Siupendi."

Aliusokota kiganjani, kidole gumba kikiwa kwenye tundu la mwisho.

"Mama, funga mlango," alisema. "Keti, Mbaruku."