Kioo Hakidanganyi

Commandant wa vijana wenye bunduki aliziweka chupa mbili za serum, dripu ya sukari ya glukozi, juu ya meza ya mwalimu, akazitenganisha kana kwamba anaamua ugomvi.

"Batoto batatu bamekufa hii wiki," akasema. "Malaria, lakini serum balipewa. Kati ya hawa bawili, moja anatupatia maji. Mwalimu, kioo yako iseme."

Darasa lilijaa hadi madirishani. Upande mmoja alisimama Henri, mwenye duka la dawa karibu na soko la Baraka, mikono mfukoni. Upande wa pili alisimama Mukandori, muuguzi wa zahanati, mwanamke wa milimani ambaye hakuondoka vita vilipowarudisha ndugu zake huko juu. Mikono yake ndiyo iliyompokea Florentine, binti wa pekee wa mwalimu, siku alipozaliwa.

Mwalimu Néhémie alijilaani kimoyomoyo. Nani alimtuma kujitapa baada ya ibada kwamba kioo chake hakidanganyi? Alikuwa amekibuni kwa miaka minne huko Ulaya, alikokwenda kusomea mambo ya mwanga. Alirudi likizo kuoa, vita vikamfungia njia. Kioo chenyewe kilikuwa kifupi kuliko kidole. Mwanga wa leza uliingia, ukagawanyika, ukafuata vijia viwili vyembamba kuliko unywele. Kimoja kilipita chini ya maji safi yaliyofungiwa humo, kingine kilipita chini ya tone la kitu kinachopimwa, halafu vikakutana. Miale ikifika pamoja, nukta nyekundu inawaka mwishoni. Mmoja ukicheleweshwa njiani, inafutana. Alikuwa akikijaribu nyumbani kila siku, na mkewe Clarisse alinung'unika kwamba sukari ya chai inaishia kwenye michezo ya wazungu.

Alidondosha tone la chupa ya Henri. Nukta ikawaka, nyekundu safi, na watu wakapiga makofi.

Alikifuta kioo, akadondosha tone la Mukandori. Nukta ikafifia. Ikazimika.

Mukandori aliitazama ile nukta iliyozimika, kisha akamtazama yeye, bila hofu, jinsi mtu anavyomtazama jirani yake wa miaka mingi.

"Mwalimu, inasema nini? Baeleze," Mukandori akasema.

Néhémie aliangalia bunduki mlangoni. Juma lililopita mvuvi mmoja alivunjwa mkono kwa kumvusha mtu wa milimani hadi Mboko, basi, hakuna kosa lingine. Alifungua kinywa. Neno likatoka nusu.

"...zima," alisema.

"Inazima," commandant akawatangazia walioko nje. "Mumesikia? Mwalimu mwenyewe amesema."

Néhémie alizima leza, akaanza kukifuta kioo.

Chupa zote za zahanati zilibebwa hadi ziwani, zikavunjwa juu ya mawe. Mukandori akatolewa darasani na vijana wanne. Alipofika mlangoni alisimama kidogo.

"Mwalimu, kuna mama anataka kuzaa pale dispensaire. Iko peke yake. Utume mutu."

Walimpandisha njia ya Lubondja. Vijana walirudi bila yeye kabla ya saa sita mchana, wakanawa miguu, wakaomba chakula. Hawakuulizwa kitu.

Tangu siku ile Néhémie akawa mtu mkubwa. Wanawake walimpisha njia. Mchungaji alimtaja kwenye mahubiri, naye akainamisha kichwa, wakamsifu hata kwa unyenyekevu wake. Aibu ilimkaa mwilini kama homa. Alizunguka nyuma ya soko ili asiione zahanati. Alijiambia kwamba yeye alipima tu, hukumu ilitoka kwa wengine, na kila alipojiambia hivyo alijichukia zaidi. Henri alimletea samaki wawili wakubwa aina ya mukeke waliokaangwa vizuri, akawaacha mlangoni bila kumtazama usoni. Néhémie alikuwa na njaa, akawala, kisha akaenda nyuma ya nyumba kutapika.

"Unaugua?" Clarisse alimuuliza.

"Hapana."

"Basi unamulilia yule mwanamuke. Usimulilie. Aliua batoto ya batu."

Alitamani kumjibu. Badala yake aliokota jembe, akaenda shambani kwenye mihogo ambayo haikuhitaji kulimwa.

Siku ya tisa Florentine aliamka akichemka. Kufikia saa nne alikuwa hajui anaitwa nani, na macho yalikuwa yamegeuka meupe. Clarisse alitoka mbio bila viatu. Aliporudi alikuja na Adolphine, jirani aliyejua kuchoma sindano, na chupa ya serum ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Nimepata," alisema akihema. "Henri alibakisha ya mwisho. Nimemuuliza mara mbili kama ni zile zilizowaka. Ni zenyewe."

Adolphine alikwisha kuufunga mkono wa mtoto kwa kitambaa, akitafuta mshipa. Néhémie alisimama. Aliichukua ile chupa mkononi mwa mkewe, akaing'oa kizibo, akaimwaga yote kizingitini.

Clarisse alimshika shati. "Baba Florentine, mutoto anakufa."

"Ni maji, Mama Florentine," alisema, macho chini. "Sukari ndiyo inazima mwanga."