Mbonyeo wa Mlangoni

"Mbonyeo huu," akasema Bwana Taillandier, mwenye jumba, akiupapasa mlango wa mwaloni, "ulitokana na mzinga wa Wajerumani walipoivamia Ufaransa, mwaka 1870."

Wageni wakapiga picha. Kila Septemba majumba ya zamani hufunguliwa watu watazame, na kila Septemba ni uongo ule ule. Leo kaleta na kibao cha shaba, aupigilie uongo wake misumari.

Hapa palikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, kabla serikali ya Paris haijamuuzia jumba baba yake Taillandier. Mwaka 1964 bei ya maziwa iliporomoka, sisi wafugaji tukaja kuyamwaga ngazini. Mume wangu akaurushia mlango debe tupu la maziwa, la chuma. Akafungwa siku arobaini.

"Acha uongo, mwanangu," nikasema.

"Bibi, maswali mwishoni."

"Sina swali. Nina debe."

Nikalitoa debe lile lile kwenye toroli langu, zito, kitako kimepinda upande mmoja.

"Bibi, tafadhali, utauharibu mlango."

"Tulishauharibu."

Nikaliinua, nikakisukuma kitako ndani ya mbonyeo. Kikaenea barabara.

Wageni wakainua simu zao tena.