Themanini na Nane

Katikati ya ziwa, mota ya umeme ya boti ilififia, kisha ikanyamaza. Lubango alitazama kipimo cha betri. Kilisema asilimia themanini na nane.

"Mbona tumesimama, baba?" aliuliza mama yake, Nyamizi, aliyelala kwenye mkeka huku akivuta pumzi kwa shida. Hospitali ilikuwa ng'ambo, bado ndogo kama kiberiti.

"Inapumzika kidogo, mama."

Alifunua sanduku la betri. Vipande vya waya mwekundu vilikuwa bado vimening'inia kwenye vichwa vya betri, na hapo akaelewa. Jirani alikuwa amefiwa, na nani angemnyima mfiwa taa? Lubango mwenyewe ndiye aliyewavutia waombolezaji umeme kutoka kwenye boti, akafunga waya moja kwa moja kwenye betri, bila kuupitisha kwenye kipimo. Nacho huhesabu kinachopita ndani yake tu. Umeme wa matanga hakikuuona.

Injini ya mafuta alikuwa ameshaiuza. Kasia lilibaki kwa jirani, likishikilia turubai la msiba. Simu haikushika mtandao.

"Kipimo kinasemaje?" mama aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Themanini na nane."

"Basi tutafika," alisema, akafumba macho.

Lubango aliinama ubavuni mwa boti, akaanza kupiga maji kwa viganja. Nyuma yake kipimo kiliendelea kung'aa, na boti ikageuka polepole, ikatazama walikotoka.