Mita Elfu Tisa

King'ora kililia, mara ya tatu juma lile. Watu wa bondeni walianza kukimbia kabla Sarwoko hajaifikia mashine.

Kompyuta mpya ilionyesha kina cha maji bwawani: 9100. Mita elfu tisa na mia moja! Alama ya hatari ni themanini; ukuta wenyewe hauzidi mia. Juzi iliandika 6200, wanakijiji wakapanda mpaka makaburini na mbuzi wao, kisha wakashuka wakitukana.

Sarwoko aling'oa waya wa king'ora. Kimya.

"Hiyo kompyuta yako inadhani tunaishi chini ya bahari," alisema Pak Kuncoro, mkuu wa ofisi, akiwa mlangoni. "Ikitukimbiza bure tena, nenda nyumbani ukakaange tempe ya soya."

"Kompyuta haisemi uongo, Pak. Hii na ile ya bwawani hazielewani tu."

Kule juu bwawani, ambako hakukai mtu, kompyuta kuukuu ilipima maji na kutuma faili kwa waya wa simu. Hii ya ofisini iliundwa na watu wengine, kwa desturi nyingine. Njiani kitu kilikuwa kinapotea.

Sarwoko aliwahi kuacha shairi lake katika kompyuta ya kule juu, kwa ajili ya majaribio. Sasa aliliita. Likaja:

Mpunga shambani umeinama
moyo wangu kwako umesimama

Alilikagua kama baba anayekagua watoto waliotoka safari. Herufi zote zilikuwepo. Kisha akapiga meza kwa ngumi.

Mkato! Mstari wa kwanza aliufunga kwa mkato. Yeye haachi ubeti wazi. Kompyuta mpya ilikuwa inameza mikato. Na ile kuukuu huweka mkato kati ya mita na sentimita.

Akabadilisha amri moja. "Meza tena, mlafi wewe, tuone."

Simu ya mezani ikaita. Alikuwa Ngatinah, mkewe, kutoka bondeni.

"Mas, king'ora kimekatika ghafla. Tupande au tukae? Majirani wanatucheka, eti mume wangu amefundisha chuma umbea."

"Wacheke leo, kesho watanyamaza. Mama yuko wapi?"

"Kaketi njiani, magoti yamegoma. Halafu Mas, huku jua linawaka, lakini mto umegeuka rangi ya kahawa."

"Nyati wa kulimia wanaoga huko juu. Subiri kidogo, usikate."

Aliliita shairi mara ya pili. Likashuka kiooni, mstari kwa mstari, na mkato wake umekaa pale pale alipouweka. Sarwoko akacheka kwa sauti. Akasimama na simu sikioni, akaipa mashine mgongo ili auone vizuri uso wa Pak Kuncoro.

Nyuma yake, chini ya shairi, faili la maji liliingia likiwa safi: mita 93,40.

"Mrudishe mama nyumbani, akapumzike," alisema. "Kosa nimelipata. King'ora hicho hakitawasumbua tena, Ngatinah. Nakuahidi."